Matundu Kumi na Mawili

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimekabidhiwa funguo za uwanja: lango kubwa, lango la wachezaji, stoo, chumba cha tiketi. Nimezifunga kwenye kamba moja na kuzivaa shingoni. Miaka kumi na sita nimekuwa mwalimu wa michezo wa shule ya msingi hapa Lodwar, nikichora mistari ya uwanja kwa majivu. Sasa mimi ni meneja wa uwanja wa Ekalees FC. Ekalees ni mbuni kwa lugha yetu, na mbuni hana mabawa ya maana ila miguu anayo.

Shida yetu inajulikana mjini kote. Tulipanda ligi ya kulipwa mwaka jana, lakini ligi haikubali mechi kwenye uwanja ulio wazi. Msimu wote tumecheza mechi za nyumbani Kitale, safari ya kutwa nzima, mbele ya watu wasiotujua. Mwenyekiti wetu, Lokorio, amepata kampuni ya Nairobi itakayoweka jukwaa jipya, taa na nyasi mpya, nayo itaushika uwanja kwa miaka thelathini. Kampuni haitatia sahihi mpaka ukuta ukamilike, mkaguzi wa ligi aukubali, na mthamini aseme uwanja una thamani gani. Lokorio aliniambia uwanja usio na ukuta ni malisho tu. Yeye ndiye aliyenifundisha kupiga mpira nikiwa na miaka kumi, wakati wasichana walikuwa hawapigi. Akisema jambo, mimi huliamini.

Jua kali. Hakuna wingu.

Jumatano, 5 Machi

Mafundi wanamaliza ukuta wa kaskazini. Msimamizi wao ni Riek, Msudani Kusini kutoka kambi ya wakimbizi ya Kakuma, mrefu, mpole, anayepima kila kitu mara mbili. Yuko hapa kwa pasi ya kusafiri anayolazimika kuirudisha kila baada ya wiki kadhaa ili apewe nyingine. Ukuta wake umenyooka kama uzi.

Jua.

Jumamosi, 8 Machi

Mechi ya mazoezi, ya kujaribu tiketi. Tumeuza tiketi mia moja na kumi. Ndani nilihesabu watu zaidi ya mia nne.

Haikuchukua muda kujua wamepitia wapi. Chini ya ukuta wa kaskazini kuna matundu kumi na mawili, kila moja mtu mzima anaweza kulipita akitambaa. Upande wa pili wa ukuta kuna maboma kumi na moja, na ng'ambo ya maboma ndiyo laga, mto wetu wa mchanga ambao huwa na maji siku chache tu kwa mwaka. Boma la kwanza ni la bibi anayeitwa Nakeno. Nilimkuta ameketi kwenye kigoda mbele ya matundu yake, kopo la maziwa ya unga mapajani, anapokea shilingi ishirini kwa kila kichwa. Wazee wanalala chini na kuvutwa miguu na wajukuu wao. Watu wanacheka. Mimi sikucheka.

Nilimsalimu, ejok, naye akajibu ejok bila kuacha kupokea hela. Nilimwambia anaiba. Akanitazama kama mtu anayesikia lugha ya kigeni.

"Mwalimu, hii uwanja ni ya bwana yangu," alisema. "Yeye alitoa mawe yote hapa, akatupa laga. Yeye aliambia vijana wacheze hapa. Wewe nani alikupatia?"

Nilimwambia kaunti iliipa klabu barua. Akasema barua haina mikono ya kutoa mawe.

Jumanne, 11 Machi

Nakeno amechota maji tena kwenye bomba la mjengo, mitungi minne. Nimemkataza. Amejaza wa tano huku ananitazama.

Jumamosi, 15 Machi

Mkaguzi wa ligi atakuja tarehe 12 Aprili. Lokorio alinipigia mara tatu leo. Alisema mkaguzi akiona mtu mmoja anatambaa chini ya ukuta, tumekwisha, na kampuni itapeleka pesa zake kwingine. Aliniambia niyamalize mambo ya matundu, yeye hataki kujua nimeyamaliza vipi.

Nilimwita Riek na kumwambia ayazibe yote kumi na mawili. Aliweka mwiko wake chini. Kisha akanionyesha ramani ya injinia aliyekuja mara moja na kurudi Eldoret. Akaweka kidole kwenye matundu.

"Madam, hii si ya watu. Hii ya maji. Maji ikitoka laga, inaingia hapa, inapita katikati ya uwanja, inatoka chini ya jukwaa. Ukifunga, itasimama."

Nilimuuliza ni lini amewahi kuona maji hapo. Akasema hajaona, ameona mchanga, na mchanga ule uliletwa na maji. Akapendekeza tuweke vyuma, ili maji yapite na watu wasipite. Nilipiga hesabu. Nondo zimekwisha, lori la Kitale litakuja baada ya wiki mbili au tatu, na Mwenyekiti amesema hakuna senti nyingine mpaka kampuni itie sahihi. Nikamwambia azibe kwa bloku sasa, vyuma tutaweka baada ya ukaguzi.

Aliomba nimwandikie barua. Nilicheka. Nilimwambia mimi ndiye meneja, mimi ndiye barua.

Hakucheka. Alisema sawa, madam, akaenda kukoroga simiti.

Jumatatu, 17 Machi

Matundu yote yamezibwa. Riek alifanya kazi nzuri, huwezi kuona yalikuwa wapi isipokuwa kwa rangi ya simiti mbichi.

Nakeno alikuja langoni na wanawake wanne. Nilitarajia matusi, nikapata kitu kingine. Alisema mwaka ule binti yake Nasike alipozaliwa, laga ilifika kiunoni, wakakimbilia uwanjani kwa sababu maji huko hutawanyika na kupoa. Sasa wakimbilie wapi? Nilimjibu kwamba anachohitaji ni kopo lake la shilingi ishirini, na maji anayatumia kama kisingizio. Nakeno akageuka akaenda.

Nilijisikia nimeshinda. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Jumamosi, 22 Machi

Jua. Upepo wa mchanga kutwa.

Jumamosi, 29 Machi

Mechi ya mazoezi. Tiketi mia tatu na tisini. Hakuna aliyeingia bure. Lokorio alinishika mkono mbele ya wachezaji wote.

Jumamosi, 5 Aprili

Mthamini amekuja, kijana mwenye kofia pana na chombo cha kupimia kwenye miguu mitatu. Nilitembea naye siku nzima kushika upande wa pili wa futi ya kupimia. Nilidhani uwanja unathaminiwa kwa mawe na simiti. Kumbe sivyo. Alinieleza kwamba ukuta ni wa bei ndogo, kinachohesabiwa ni kile ambacho ukuta unazuia. Watu wangapi watalazimika kupita langoni, mara ngapi kwa mwaka, kwa miaka thelathini.

Kisha akaniomba hati ya ardhi. Nilimpa barua ya kaunti. Aliisoma, akasema hii inaruhusu kucheza tu, haisemi uwanja ni wa nani. Ardhi bado ni ya jamii na haijasajiliwa. Nilipomuuliza jamii ni nani, alifungua mikono kuelekea kaskazini, kwenye moshi wa maboma ya akina Nakeno.

"Wale," alisema. "Na maboma yale yako karibu mno. Yanashusha thamani. Kampuni itataka eneo lisilo na watu."

Jioni nilimweleza Lokorio. Akasema hilo analijua, litapata njia yake.

Jumatano, 9 Aprili

Mawingu juu ya milima ya Loima, mazito, ya rangi ya ini. Hapa hakuna tone. Riek ameomba tena vyuma. Nimemwambia baada ya Jumamosi.

Alhamisi, 10 Aprili

Mawingu kulekule. Hapa jua.

Jumapili, 13 Aprili

Haya ni ya jana. Jana sikuweza kushika kalamu.

Mkaguzi alifika saa nne asubuhi. Alikuwa mtu wa heshima na wa maneno machache. Alikagua vyumba, akapima goli, akazunguka ukuta wote kwa ndani akiupapasa. Saa tisa mechi ilianza, Ekalees dhidi ya timu ya kambini Kakuma, na uwanja ulijaa. Anga ilikuwa nyeupe kwa jua. Nasema hivyo kwa sababu tangu jana watu wananiuliza kama kulikuwa na mvua. Haikunyesha hata kidogo. Mvua ilikuwa imenyesha Loima asubuhi, na sisi tulikuwa tunatafuta kivuli.

Nilikuwa nimesimama nyuma ya goli la kaskazini na mkaguzi na Lokorio. Dakika ishirini hivi za kipindi cha pili nilisikia kugonga kwenye ukuta. Jiwe juu ya bloku. Kwanza mahali pamoja, kisha mahali pengi. Kulikuwa na sauti za watu pia, lakini uwanja mzima ulikuwa unashangilia, na sauti ya nje nayo niliiona ni ya kushangilia au ya kulalamika. Mlinzi wetu alikuja akaniuliza kama aende kuangalia. Mkaguzi aligeuza kichwa. Niliona aibu. Nilimwambia mlinzi ni wale wa Nakeno, wanataka kuingia bure, waache watachoka.

Waligonga muda mrefu. Sitajua ni dakika ngapi. Ekalees walipata kona, nikatazama kona.

Kisha kugonga kukakoma. Nikamwambia mkaguzi, nikitabasamu, kwamba nilisema watachoka.

Kilichofuata ni mstari wa maji chini ya ukuta, mwembamba, wa kahawia, ukitoka kwenye maungio. Golikipa aliuona kabla yangu, akaacha goli lake. Ukuta ukatoa mlio ambao sijawahi kuusikia, kama ngozi kavu inapokunjwa, na sehemu ya katikati, hatua kama arobaini, ikalala ndani ya uwanja yote kwa pamoja. Maji yakaingia yakiwa na miti, mabati, mbuzi, magodoro. Watu walikimbilia upande wa jukwaa. Ndani ya uwanja hakufa mtu. Maji yalitawanyika juu ya nyasi, yakafika magotini, yakapita chini ya jukwaa, yakaenda zake. Kama Nakeno alivyosema. Kama ramani ilivyosema.

Riek alikuwa wa kwanza kuvuka kwenda upande wa pili. Mimi nilimfuata. Kwa nje, ukuta uliobaki umesimama ulikuwa na alama ya matope iliyonipita kichwa. Pale palipokuwa na matundu kulikuwa na mikwaruzo myeupe, na kwenye mawili bloku zilikuwa zimeanza kumeguka. Walikuwa karibu kufaulu.

Maboma kumi na moja hayapo. Wengi walipanda juu ya mti mmoja wa ewoi na juu ya paa la choo cha mawe. Watatu hawakuwahi. Akal, aliyekuwa kipofu, na mkewe aliyekataa kumwacha. Na Nakeno. Tulimkuta Nakeno kati ya bloku za ukuta ulioanguka. Ndiye aliyekuwa akigonga mpaka mwisho, watu wa juu ya mti walimwona. Mkononi hakuwa na jiwe tena.

Jumatatu, 14 Aprili

Tumewazika. Nasike, binti yake, amekuja kutoka Kerio anakouza samaki wakavu. Hakulia mbele za watu. Aliniambia asante kwa sukari na majani ya chai niliyoleta.

Jumanne, 15 Aprili

Lokorio aliniita ofisini. Alikuwa na mtu wa kampuni kwenye simu, na baada ya simu alifunga mlango. Hakunigombeza. Alizungumza taratibu, kama alivyokuwa akizungumza nami nilipokosa penalti nikiwa msichana. Alisema ramani ilikuwa na matundu. Mtu fulani aliyaziba. Akaniuliza ni nani aliyekuwa na mwiko mkononi.

Nilisema ni mimi niliyeamuru.

"Nimeuliza mwiko ulikuwa kwa nani," alisema. "Kuna karatasi yenye sahihi yako?"

Hakuna karatasi. Alilijua hilo kabla ya kuuliza. Ripoti ilikuwa tayari mezani, imechapwa kwa Kiingereza, kurasa mbili. Inasema fundi aliziba njia za maji bila idhini ya usimamizi. Lokorio alisema nikikataa, klabu itakufa, wachezaji ishirini na sita watarudi kuchunga, na mimi nitafungwa, na Nakeno hatafufuka. Alisema mkimbizi atarudishwa kambini tu, basi, kule ana chakula na nyumba ya bure.

Nilitia sahihi.

Jumatano, 16 Aprili

Wamemchukua Riek akiwa uwanjani, anasaidia kutoa matope. Niliona kwa dirisha la chumba cha tiketi. Aliangalia huku na huku, nadhani alikuwa ananitafuta. Sikutoka.

Alhamisi, 17 Aprili

Hakimu ameruhusu azuiliwe siku kumi na nne ili uchunguzi ufanywe. Mvua hapa sasa, nyembamba, ya kutwa.

Jumapili, 20 Aprili. Pasaka

Nilienda kanisani Nawoitorong, karibu na nyumbani kwangu. Mhubiri aliomba kwa ajili ya wafu wa laga na kwa ajili ya haki. Watu wakasema amina. Nami nilisema amina.

Mvua.

Jumanne, 22 Aprili

Mke wa Riek amefika kutoka Kakuma. Anaitwa Nyadak. Alikuja uwanjani akiwa amebeba sufuria iliyofungwa kwa kitambaa, akaniuliza kwa Kiswahili cha shida kama mimi ni madam. Riek alimwambia amtafute madam, kwa sababu madam anajua. Alirudia neno hilo, anajua, anajua, na kila mara alinitazama machoni akiwa na imani kamili, kama mtu aliyefika dirisha sahihi la ofisi.

Nilimwambia nitaona nitakachofanya. Nilimwonyesha njia ya kituo. Alisema mumewe ana homa.

Mvua.

Alhamisi, 24 Aprili

Wasudani wawili wanaouza nguo sokoni wamepigwa leo mchana na vibanda vyao kuvunjwa. Hawajawahi kushika mwiko maishani mwao. Waliowapiga walikuwa wakitaja jina la Nakeno. Wawili kati yao nimewafundisha darasa la sita.

Lokorio alipita ofisini na kusema mambo yanaenda yanakotakiwa. Nilimtazama akiongea. Nilikuwa nikidhani utulivu wake ni hekima. Leo niliuona ni utulivu wa mtu ambaye kila mara mwingine ndiye hulipa.

Jumamosi, 26 Aprili

Nasike alikuja nyumbani kwangu saa tatu asubuhi. Nilimpa kiti, nikawasha jiko. Alisema amekuja kuaga, anarudi Kerio, lakini kwanza Jumatatu ataandikisha maneno yake dhidi ya yule fundi. Kaka zake wanataka kusimama barabara ya Kakuma, kila gari lenye mkimbizi lishushwe. Amewazuia kwa sasa. Alitaka ushauri wangu kwa sababu mimi ni mwalimu na nilikuwepo.

Maji yalichemka. Sikuyaweka majani. Nilimwambia ni mimi. Nilianza na Kiswahili, nikaona maneno yanakuwa mepesi mno, nikamwambia tena kwa Kiturkana. Kwamba fundi alikataa, akanionyesha ramani, akaomba vyuma, akaomba barua. Kwamba mama yake alikuja langoni na kuniambia, nami nikamjibu kwa kopo la shilingi ishirini. Kwamba nilitia sahihi uongo siku moja baada ya mazishi.

Nasike alikuwa ameshika ukingo wa meza.

"Alipokuwa anagonga," alisema, "ulisikia?"

"Nilisikia."

"Ulijua ni yeye?"

"Nilijua ni yeye. Sikujua ni maji."

Aliinuka. Nilidhani atanipiga, na ningekubali. Alitembea mpaka mlangoni akasimama ametazama nje, mgongo kwangu, kwenye mvua.

"Ile hela," alisema. "Ile ya kopo. Watu wote mjini wanasema mama alikuwa mwizi. Baba alitoa mawe ile uwanja miaka mbili. Klabu haikumpatia hata shati. Alipokufa, mama aliomba wamlipe kidogo, wakamfukuza ofisini. Ndiyo akaanza ishirini, ishirini. Alikuwa anachukua kodi yake."

Kisha akaondoka. Hakuniambia nifanye nini.

Jumatatu, 28 Aprili

Nilifika kituoni mapema nikaandikisha maelezo yangu. Afisa aliandika kwa mkono, taratibu, na mara mbili aliniuliza kama ninaelewa ninachosema. Nilipomaliza nilimtaja pia Lokorio na ile ripoti. Hapo aliinua kalamu. Alisema kuhusu Mwenyekiti, je, kuna aliyemsikia isipokuwa mimi? Hakuna. Aliandika, lakini kwa mstari mmoja.

Nasike alikuwa nje kwenye benchi, zamu yake ikifuata.

Jumatano, 30 Aprili

Riek ameachiliwa. Amepandishwa gari moja kwa moja kwenda Kakuma na pasi yake imefutwa. Sikumwona. Nimeachishwa kazi kwa ujumbe wa simu. Funguo nimempa mlinzi.

Jumatatu, 5 Mei

Mlinzi amenisimulia. Mthamini alirudi Jumamosi na chombo chake. Upande wa kaskazini sasa hakuna boma hata moja. Waliosalia wamehamishiwa kwenye mahema nyuma ya mji, na wengine wameenda kwa jamaa zao Nakalale. Mthamini amepima mpaka ukingo wa laga. Thamani imepanda. Ukuta utajengwa upya, na safari hii matundu yatawekwa vyuma.

Jumatatu, 12 Mei

Kampuni imetia sahihi. Lokorio alihojiwa redioni. Alisema damu ya marehemu haikumwagika bure, kwamba jukwaa jipya litabeba kumbukumbu yao. Alisema kwa sauti yake ile ile. Nilizima redio.

Nimeitwa mahakamani Juni 3. Peke yangu.

Jumamosi, 17 Mei

Nimeenda Kakuma. Barabara imekatwa na maji mahali pawili, tulifika saa nane.

Riek anakaa upande wa zamani wa kambi. Nilimkuta anamjengea jirani chumba cha matofali ya udongo. Amekonda, na macho yake yana rangi ya manjano kwa homa. Nyadak aliniletea maji ya kunywa, kama mgeni yeyote, kisha akaingia ndani na hakutoka tena.

Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima. Nilimwomba msamaha. Alisikiliza mpaka mwisho, mwiko ukiwa mkononi, na simiti yake, yaani udongo wake, ukianza kukauka.

"Siku ya kwanza nilisema, madam atakuja," alisema. "Siku ya pili nilisema, labda ana kazi. Nyadak alifika, nikasema, sasa atakuja kesho. Siku ya kumi niliacha kusema. Niliona afadhali nisikungoje, kungoja ilikuwa inaniumiza kuliko homa."

Nilisema najua. Akasema hapana, sijui.

Kisha aliniuliza kitu kimoja tu. Aliuliza kama mbele ya hakimu nitasema vilevile. Amesikia watu wakubwa hubadilisha maneno wakifika kortini, na mimi nikibadilisha, gari litarudi kumchukua. Safari hii hana pasi, na kwa watu wa Lodwar atabaki yule aliyeua.

Nilimwambia nitasema vilevile.

"Hiyo ndiyo nataka," alisema. "Msamaha, madam, mimi sina. Labda baadaye. Wewe enda useme."

Akarudi kwenye ukuta wake. Nilisimama kidogo, nikaona ninamzuia, nikaondoka. Kwenye kituo cha magari kijana mmoja mwenye jezi ya Ekalees aliniuliza kama nimeuona uwanja mpya. Nilimwambia nimeuona.

Jumapili, 1 Juni

Mvua imekwisha. Laga imekauka, mchanga ni mpya na laini, na watoto wanacheza mpira humo.

Jumanne, 3 Juni

Nilivaa gauni la kazini. Chumba cha mahakama kilikuwa na joto na watu wengi kuliko nilivyotarajia, wa maboma wote walikuja. Lokorio alimtuma wakili kusikiliza. Yeye mwenyewe hakuja, leo wanamwaga zege.

Karani alisoma mashtaka kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili, na mtu mwingine akayarudia kwa Kiturkana. Uzembe uliosababisha vifo. Akasoma majina: Akal. Mke wa Akal, aliyeitwa Awoi, jina ambalo nilikuwa silijui mpaka leo. Nakeno.

Niliulizwa kama ni kweli. Nilikuwa nimeambiwa na kila mtu, hata wakili wa serikali, kwamba nikisema si kweli kesi itachukua miaka na huenda ikafia njiani.

Nilisema ni kweli.

Hakimu aliniomba niseme kwa sauti zaidi. Watu wa nyuma hawakusikia, na Nasike alikuwa wa nyuma. Niligeuka nikamwelekea yeye, nikasema tena.